Vunjajungu akikufia: mwongozo kwa sisi tunaofuga huku kwenye baridi

Niseme ukweli mapema tusije tukalaumiana, ukianza kufuga vunjajungu utazika. Hakuna namna. Mimi niko Mbeya, Uyole huku, chumba na sebule, na msimu wangu wa kwanza kifuko kimoja cha mayai kilinitolea vitoto kama mia na ishirini hivi, baada ya wiki mbili wamebaki arobaini, na waliofika ukubwani walikuwa watano. Watano! Nilijiona nina mkosi. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba porini hata hao watano ni wengi, maana kifuko kimoja kinatoa vitoto makumi hadi mia mbili tatu kutegemea na aina, na kama wote wangekuwa wanakua basi saa hizi tungekuwa tunakanyaga vunjajungu kutoka hapa mpaka Tunduma.

Alafu kuna suala la majirani. Jina lenyewe linatokana na imani kwamba ukimshika huyu mdudu chungu utakachogusa baada ya hapo kitavunjika, na ingawa siku hizi tunapikia sufuria, mama mwenye nyumba wangu mpaka leo hanipi sahani ya udongo mkononi. Sasa watu kama hao ukiwaambia umefiwa na mdudu wanacheka mpaka wanakaa chini. Waache wacheke. Ila wewe kumbuka kwamba kiumbe uliyemlisha kwa mkono miezi sita, anayegeuza kichwa kukuangalia ukiingia ndani, akiondoka pengo unaliona, na sio uchizi.

Sasa twende hatua kwa hatua, na nitakaa sana kwenye hatua ya kwanza na ya pili kwa sababu ndo watu wengi wanapoharibu.

HATUA YA KWANZA: hakikisha amekufa kweli

Usicheke. Nimeshaona mtu katupa mdudu mzima jalalani.

Kwanza kabisa angalia kama unachokilia ni mdudu au ni ngozi. Vunjajungu anajivua gamba mara sita mpaka tisa hivi kabla hajawa mkubwa (na huyu anajivua kweli, sio kama wale wanasiasa wa majukwaani), na gamba analoliacha lina kila kitu, miguu, kichwa, mpaka pembe zake ndefu za kunusia, limening'inia pale juu jepesi kama ganda la kitunguu. Mpwa wangu alikuja mbio analia "Anko, Malkia amekufa!" nikaenda nakuta Malkia yupo nyuma ya jani mzima kabisa, kaongezeka ukubwa, na tulichokuwa tunakililia ni nguo yake ya zamani. Kwa hiyo kabla ya lolote shika ule "mwili" kwa kibano, ukiwa hauna uzito na una mpasuko mgongoni, basi hongera, hujafiwa, tafuta mwenye ngozi.

Pili, baridi. Hawa wadudu joto lao ni joto la chumba, hawana moto wao wa ndani kama sisi. Mwezi wa sita na wa saba huku usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na Makete na Njombe ndo usiseme, asubuhi unamkuta mdudu kakakamaa, hasogei, ukimgusa anaangukia upande. Huyo sio lazima awe maiti. Mhamishe sehemu yenye joto la kawaida taratibu, USIMWEKE juani moja kwa moja wala karibu na jiko, subiri saa moja mpaka mbili. Akianza kutikisa tumbo au vidole, yupo. Mimi nimewahi kumrudisha mmoja kwa kuliweka kopo lake ndani ya koti nikawa natembea nae mpaka sokoni, watu wananishangaa naongea na kifua changu.

Tatu, anaweza kuwa ananing'inia kichwa chini, hali, hatembei, siku ya tatu hiyo. Mfugaji mgeni anafikiri anakufa, anaanza kumgusagusa, kumpulizia maji, kumlazimisha panzi mdomoni. Ndugu yangu, huyo anajiandaa kujivua gamba, na ukimsumbua ndo utamuua kweli. Mwache. Toa na chakula chote humo ndani.

Na macho. Watu wengi wanaogopa macho. Usiku macho yake yanageuka meusi yote, hiyo ni kawaida, asubuhi yanarudi rangi yake. Kale kadoa keusi kanakokufuata kila ukisogea nako sio ugonjwa, ni mwanga tu jinsi jicho lake lilivyotengenezwa, kwa hiyo ukisogea kulia na doa likasogea usiwe na wasiwasi. Doa ambalo halihami, lipo palepale hata ukizunguka upande mwingine, hilo ndo jeraha au uzee, tutalifikia.

Aliyekufa kweli utamjua: anakuwa mlegevu alafu anakauka, rangi inageuka kahawia, na baada ya siku kuna harufu. Ukiwa na mashaka mpe siku nzima moja, haikugharimu kitu.

HATUA YA PILI: usimtupe, msome

Hapa ndo penyewe. Mtu akifiwa na mdudu wa kwanza anasema "aah bahati mbaya", akifiwa na wa nne anasema "sina mkono wa kufuga", na wakati wote huo sababu ni ileile moja ipo pale kwenye kopo inamwangalia. Kwa hiyo chukua daftari, lolote, hata lile la mtoto la hesabu lililobakia kurasa, andika tarehe, alikula nini mara ya mwisho, alijivua gamba lini, usiku ulikuwa wa baridi au vipi, na umemkuta wapi, juu au chini. Alafu muangalie vizuri.

Umemkuta chini, nusu mwili umetoka kwenye gamba nusu upo ndani, au miguu imepinda kama waya? Amekwama kwenye kujivua. Hiki ndo kifo kinachotuua sisi wengi, na mara nyingi ni kosa letu. Anahitaji kuning'inia kutoka juu na chini yake pawe na nafasi tupu ya urefu wa mwili wake mara tatu, maana anajimwaga kwenda chini kama mtu anavua suruali ya kubana bila kutumia mikono. Kopo likiwa fupi anagonga chini akiwa bado laini, anakauka hivyohivyo amepinda. Mfuniko ukiwa plastiki laini anateleza. Hewa ikiwa kavu sana gamba linagoma kutoka, na huku kwetu kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua za Novemba zianze hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, sasa yeye je? Nyunyiza maji kidogo ukutani mwa kopo jioni, sio kumlowesha yeye, na uache pawe na matundu ya hewa maana ukizidisha maji unaleta ukungu. Na kosa lingine ambalo nililifanya mimi, kumwachia nyenje ndani wakati anajivua. Nyenje ana meno, akimkuta mwenzie laini anamtafuna. Nilikuta mguu mmoja haupo.

Umemkuta anatetemeka, anapiga mateke hewani, anaanguka kila akijaribu kusimama, mdomoni kimaji, na wenzie nao wanaanza hivyohivyo siku hiyohiyo? Hiyo ni sumu. Na sumu huku kwetu ipo kila mahali mpaka unashangaa. Sisi ndo watu wa ua la pareto, limejaa Mbeya vijijini kule juu, Makete, Mufindi, na kazi ya pareto duniani ni moja tu, kuua wadudu. Dawa nyingi za mbu za kuchoma na za kupuliza zimeundwa kwa kuiga sumu ya hilo ua. Kwa hiyo jirani akipuliza dawa ya mende, wewe kopo lako lipo dirishani, kwisha habari. Panzi uliyemkamata pembeni mwa shamba la viazi au la nyanya lililopigwa dawa juzi, yeye anaweza bado anaruka lakini ameshabeba sumu mwilini, ukimpa vunjajungu wako umempa sumu kwa mkono wako.

Ila hadithi yangu mimi ni mbaya zaidi. Msimu wa pili nilitaka kuwa mtaalamu, nikakata chandarua cha zamani nikafunika makopo yote, matundu mazuri, hewa safi, najisifu mwenyewe. Asubuhi kumi na nne wako chini. Kumi na nne! Nilikaa kitandani nusu saa sijui hata nifanye nini. Chandarua kilikuwa kile chenye dawa, na vile vimetengenezwa dawa idumu hata ukikifua mara ishirini, kwa hiyo hata usiseme "nitakifua kwanza". Usitumie, kabisa. Nenda soko la Mwanjelwa kwa mafundi cherehani omba vipande vya shela, au nunua chachi duka la dawa, au kata soksi ndefu za kike, hizo hazina shida. Mpaka leo nikiona chandarua cha bluu naumia.

Umemkuta mzima lakini tumbo limejaa kupita kiasi limepasuka? Alianguka akiwa ameshiba mno. Hasa majike. Tumbo likishakuwa kama puto usimwongezee chakula, mwache siku mbili tatu, hafi njaa huyo.

Anatapika kitu cheusi au kahawia chenye harufu mbaya, ameacha kula? Mara nyingi ni chakula kibovu au joto kupita kiasi. Kupona ni nadra, mpe maji kwa ncha ya brashi ya kuchorea, ondoa chakula, muweke pasafi, na ujiandae kisaikolojia.

Uliyemkamata porini akiwa mkubwa alafu siku moja, hasa ukimwekea maji, mnyoo mrefu mweusi mwembamba kama uzi unatoka nyuma yake? Usipige kelele. Ni mnyoo anayekaa ndani ya wadudu na anarudi majini akikomaa, hauingii kwa binadamu, ila mdudu aliyembeba kwa kawaida haendelei kuishi siku nyingi. Hapo huna kosa lolote, alikuja nao.

Vitoto vidogo vimekufa kwa mkupuo wiki ya kwanza? Hesabu haya: vimezama kwenye tone la maji (ndio, tone moja linamtosha kuzama, puliza ukungu mwembamba sio matone), vimekosa chakula kidogo cha kutosha, au vimekulana. Chakula chao ni vile vinzi vidogo vya ndizi mbivu. Na huku ndizi za Tukuyu zimejaa, unachukua ndizi moja iliyooza unaiweka kwenye chupa wazi siku tatu unafunga chachi, basi una kiwanda. Kulana huwezi kuzuia kabisa, unaweza kupunguza tu kwa kuwatenganisha kila mmoja kopo lake wakishajivua mara mbili.

Na siafu. Wenye nyumba za Rungwe mnajua. Usiku mmoja wanapita na hawabakizi kitu, unakuta mabawa tu. Meza ya makopo iweke miguu yake ndani ya vikopo vya maji yenye mafuta kidogo ya kupikia. Dawa ya unga ya kuzuia siafu usiithubutu, inamaliza wote, wao na wako.

HATUA YA TATU: kama hajafa lakini hatopona

Hii sipendi kuiandika. Kuna wakati mdudu amejivua vibaya miguu yote ya kukamatia imepinda, hawezi kushika chakula, hawezi kuning'inia. Jiulize kitu kimoja, bado ana kujivua kwingine mbele yake au ameshaota mabawa? Kama bado mdogo, kuna matumaini. Mguu uliopotea huwa unarudi kidogo kidogo kila akijivua, kwanza unakuwa kamguu kadogo cha kuchekesha, alafu unakuwa. Mlishe kwa kibano, mponde panzi kichwa umsogezee mdomoni, muwekee kopo lenye chachi pande zote apande kirahisi. Nilikuwa nae mmoja wa hivyo aliishi mpaka mwisho na mguu mmoja mfupi, tukawa tunamwita Fundi.

Akiwa ameshaota mabawa hajivui tena, ulemavu alionao ndo huohuo. Akila kwa kulishwa na kutulia, mlee. Akiwa hali, hanywi, amelala chini anatikisika tu, usimwache siku tano anateseka ati unamwogopea Mungu. Njia tunayotumia wengi ni ubaridi: kopo kwenye friji mpaka atulie kabisa, kama saa moja, alafu friza mpaka kesho yake. Anapoa, analala, basi. Kama huna friza omba kwa muuza maji ya kandoro (yale ya baridi ya mfuko) au samaki mtaani, mwambie ni kazi ya shule, usimwambie ukweli utachekwa mpaka Krismasi.

HATUA YA NNE: chombo

Fupi tu. Toa kila kitu, majani na udongo choma au tupa mbali, osha kopo kwa maji ya moto na sabuni kidogo, suuza mpaka harufu ya sabuni iishe, anika juani siku mbili. Jiki sishauri. Kama ulishuku sumu au ugonjwa wa kutapika, kopo la plastiki la mia tano usilionee huruma, tafuta lingine.

HATUA YA TANO: jirekebishe, ila usijichape viboko

Baada ya kusoma mwili na daftari utaangukia moja kati ya mawili, ni kosa langu au sio kosa langu. Likiwa lako, andika kwa kalamu nyekundu kosa ni nini na umebadilisha nini. Sio "nitakuwa makini", hapana, andika kitu kinachoshikika: "makopo yote mapya urefu wa chupa ya lita moja na nusu", "panzi nakamata kwenye nyasi za uwanjani tu sio pembeni ya shamba". Mimi ukurasa wangu wa chandarua bado upo na sijauchana. Likiwa sio lako, uandike hivyohivyo, "mnyoo, alikuja nao", ufunge daftari, maana kuna watu wanabeba hatia ya kila kifo mpaka wanaacha kufuga, wakati nusu ya hivyo vifo hata ungekuwa profesa visingezuilika.

Kwa upande wa moyo, mimi nina kanuni moja imenisaidia: sitoi jina kabla hajajivua mara nne. Vitoto mia vyote ni "vitoto", navihesabu, sivizoei. Akifika wa nne ndo anapewa jina. Mpwa wangu aliipinga sana hii sheria, akatoa majina sitini siku ya kwanza, akalia siku kumi mfululizo, sasa hivi ndo anaisimamia kuliko mimi.

Na kama una mtoto nyumbani, mwambie amekufa. Usimwambie "amerudi porini". Mtoto atakaa dirishani anamsubiri. Chimbeni kashimo kwenye chungu cha maua (ndio, kwenye chungu, kejeli gani hiyo kwa vunjajungu) mfukieni, mwacheni mtoto aseme anachotaka kusema. Wengine wanapenda kumkausha: mlaze juu ya sponji akiwa bado laini, mpange miguu na mabawa kwa pini, mwache sehemu kavu wiki mbili tatu mbali na sisimizi na mende, alafu ndani ya kiboksi na kidonge cha kufukuza nondo. Wa kwangu wa kwanza yupo ukutani, kageuka rangi ya majani makavu ila bado ana ile sura yake ya kusali.

HATUA YA SITA: dume kuliwa

Lazima nilisemee kwa sababu hiki ndo kifo kinachowaumiza watu kuliko vyote, umelea dume miezi mitano, unamkutanisha na jike, dakika kumi unabakiwa na mabawa. Jike hana kosa, ni njaa. Sio kila mara anamla, na unaweza kupunguza sana. Kwanza uwe na uhakika nani ni nani: geuza tumbo uhesabu pingili upande wa chini, dume nane, jike sita, dume pia mwembamba na pembe zake ndefu zaidi. Jike mpe wiki mbili tatu tangu aote mabawa. Siku mbili kabla mlishe mpaka akatae. Siku yenyewe mpe panzi mkubwa, akiwa anatafuna ndo unamwingiza dume kwa nyuma yake, polepole, sehemu kubwa yenye majani, sio kopo. Kaa hapo na kijiti mkononi. Wanaweza kushikana masaa mengi, usichoke ukaenda kuangalia mpira. Dume akishuka mtoe HAPOHAPO.

Akiliwa pamoja na yote hayo, basi ameliwa. Wakati mwingine hata bila kichwa anaendelea na kazi mpaka anamaliza. Andika tarehe, maana hapo unaanza kuhesabu siku za mayai.

HATUA YA SABA: uzee

Anayekufa kwa uzee hatukuandaliwa kumzika. Wengi wa hawa maisha yao yote hayafiki mwaka, dume akishaota mabawa ana wiki chache mpaka miezi miwili hivi, jike miezi kadhaa. Kwa hiyo unapofurahi ameota mabawa, jua pia saa imeanza kuhesabu. Dalili za uzee: vidole vya miguu vinadondoka kimoja kimoja, hashiki ukutani, doa jeusi lisilohama kwenye jicho, rangi inafifia, analenga panzi anakosa. Hapo unabadilisha nyumba, kopo fupi sasa, chachi chini ili akianguka asiumie, vipande vidogo vya chakula mdomoni, maji kwa brashi kila asubuhi. Jioni za baridi chupa ya soda yenye maji ya moto iliyofungwa kanga, iweke pembeni ya kopo, sio ndani. Na jamani jiko la mkaa msiwashe chumbani mmefunga madirisha kisa mdudu, hilo linaua watu, tusije tukazika na wewe.

Malkia wangu alimaliza hivyo, asubuhi ya mwezi wa saba, ukungu umefunika mpaka mlima Loleza hauonekani, alikunywa tone moja, akashika kidole changu kwa mguu aliobaki nao wa mbele, jioni alikuwa ametulia. Nilimwandika kwenye daftari "uzee" na ndo kifo pekee ambacho nimewahi kukiandika bila kukunja uso.

HATUA YA NANE: kuanza tena

Usikimbilie kuziba pengo kesho yake. Kwanza kwa huku kipindi cha baridi ni kujitafutia misiba mingine, vitoto vinakua polepole, vinzi vya ndizi navyo vinagoma kuzaliana. Subiri mvua zianze. Ukiwa na vifuko vyako vya mayai vizuri, ukiwa huna tembea kwenye michongoma, kwenye uzio wa miti, kwenye vijiti vya lantana, utaona kitu kama povu lililokauka, kigumu, rangi ya kahawia. Kiangalie pembeni, kikiwa na vitundu vidogo vidogo vya duara kama vimetobolewa kwa sindano kiache, kuna nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya vunjajungu na watoto wao wameshatoka humo. Kilicho safi kata na kijiti chake, kining'inize ndani ya chupa kubwa kama kilivyokuwa kimekaa mtini, juu ibaki juu, nyuzi 24 mpaka 28 kama unaweza, maji kidogo kila baada ya siku mbili.

Inaweza kuchukua mwezi, inaweza kuchukua miwili huku kwetu. Wa Kyela kule joto wanatuwahi kila mwaka wanatutumia picha za kutukera. Vikitoka, mara nyingi ni asubuhi, vyote kwa pamoja, vinashuka na nyuzi kama buibui, usishtuke ukidhani kuna minyoo. Bakiza kumi na tano, ishirini kama una makopo na muda wa kuwalisha, na hao wengine waachie bustanini jua likishapanda, mmoja mmoja, huyu kwenye mchongoma, yule kwenye maboga, wengine nyuma ya choo kwenye magugu, maana ukiwamwaga sehemu moja saa sita mchana wameshaanza kulana.